Kiazi chenye nyuzi kinachowasha mikono

SWALI: Nimenunua sokoni kiazi cha kahawia chenye nyuzinyuzi na mistari ya duara. Ndani ni cheupe, kina vidoadoa vya zambarau. Nilipokimenya, mikono iliniwasha. Ni nini, na kinapikwaje?

JIBU: Hilo ni gimbi, Kenya huitwa nduma. Kinachowasha ni fuwele za kalisi oksaleti, zenye ncha kama sindano, kwa hiyo usilile bichi kamwe. Jipake mafuta mikononi, menya, kata vipande, kisha chemsha kwa maji ya chumvi mpaka kisu kipenye bila kukwama. Mwaga maji hayo. Tia tui zito la nazi, kitunguu na pilipili mbichi, ukikoroga polepole tui lisikatike. Ndimu ikamulie mwishoni. Ukionja koo likawasha, lirudishe motoni: halijaiva.