Mashine ya Santuri ya Kudumu: Kagua Kwanza, Lipa Baadaye

Umeachiwa santuri za mzee na sasa unatafuta mashine ya kuzicheza? Tunakuelewa. Mmoja wetu hapa ofisini alirithi kasha la santuri ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande. Akaona tangazo mtandaoni, akatuma malipo ya awali siku hiyo hiyo. Mashine ilipofika, sindano yake ilikwaruza santuri mbili kabla hajashtuka. Pesa hazikurudi, na santuri kama hizo si rahisi kuzipata tena.

Ili yasikupate hayo, fuata hatua hizi nne.

1. Tafuta inayotengenezeka

Mashine ya kudumu si ile isiyoharibika kamwe. Ni ile ambayo fundi anaweza kuibadilishia spea. Uliza kama sindano inatoka na kama mpya zinapatikana, kwa sababu sindano ya almasi huisha makali baada ya saa 500 hadi 1,000 hivi za kucheza. Mashine ya mkanda wa mpira itahitaji mkanda mpya baada ya miaka kadhaa. Zile ambazo mota huzungusha sahani moja kwa moja, kama Technics SL-1200 iliyoanza kuuzwa 1972, hazina mkanda kabisa.

2. Angalia mkono

Mkono unaobeba sindano uwe na uzito wa nyuma unaoweza kurekebishwa. Sindano nyingi nzuri hukandamiza santuri kwa gramu 1.5 hadi 3 hivi. Mashine nyingi za bei nafuu zenye umbo la sanduku hukandamiza zaidi ya hapo, na hazina pa kurekebisha. Hapo ndipo santuri zako huliwa polepole.

3. Hesabu mizunguko

Bandika kipande cha karatasi kwenye sahani, kisha washa saa ya simu. Kwa kasi ya 33⅓, sahani inafaa izunguke mara 100 kwa dakika 3. Ukihesabu 83 hivi, huenda mashine ilitengenezewa Marekani. Umeme wao ni volti 120 na hetzi 60, wetu ni volti 240 na hetzi 50. Transfoma itapunguza volti lakini haitabadilisha hetzi, na mota inayofuata hetzi itaendelea kujikokota. Mwimbaji atasikika kama mtu mwenye usingizi.

4. Sasa lipa

Beba santuri moja ambayo hata ikikwaruzwa hutalia. Isikilize upande mzima mbele ya muuzaji. Ukiridhika, lipa mashine ikiwa mbele yako, kwa nambari ya till ya duka ikiwezekana. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa tofauti na ulilopewa, usitume. Akidai umtumie kidogo "akuwekee", mwambie utakuja na pesa zote siku ya kukagua. Hifadhi ujumbe wa malipo, na uombe risiti iliyoandikwa aina ya mashine.

Pesa hazijatosha? Weka akiba kidogo kidogo kila wiki, usikimbilie ya bei ya chini. Santuri za mzee zimekaa kwenye kasha miaka mingi. Miezi mitatu zaidi haitaziumiza, sindano mbovu itaziumiza.