Sauti ya Yakobo, Mikono ya Esau

Somo: Mwanzo 27:18-29



Isaka hakuona vizuri. Sauti aliyoisikia ilikuwa ya Yakobo, akasita. Lakini alipapasa ngozi za mbuzi, akanusa mavazi ya Esau, akatoa baraka. Aliamini vitu ambavyo mtu mwingine anaweza kuvivaa.

Leo mtu anakupigia simu. Anajua jina lako, namba ya kadi yako ya chakula, hata lugha ya kwenu. Hizo ni ngozi za mbuzi. Kisha anaomba namba yako ya siri, au tarakimu zilizoingia kwa meseji, eti jina lako lisifutwe kwenye orodha ya kuhamishiwa nchi nyingine.

Tarakimu hizo ni ufunguo. Akizipata, mtandao wa pesa utamtambua yeye kuwa ndiye wewe. Mtumishi wa kweli hakuombi hizo, na huduma za UNHCR ni bure.

Basi:
1. Ukisita, kata simu.
2. Nenda ofisini ukaulize mwenyewe.
3. Namba ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa.

Swali la nyumbani: Nani kwetu ana macho ya Isaka, na tumsaidieje asidanganywe?