Wanaotunza mimba maabarani nao huchoka

Msomaji, ukisikia mtoto ametungwa maabarani, humpongeza daktari. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hii mwaka wa 2006, na tangu mwanzo mtaalamu wa maabara hutajwa kwa nadra.

Mayai yakishachanganywa na mbegu za kiume hayangoji Jumatatu. Hukaguliwa baada ya saa 16 hadi 18, hata ikiwa Krismasi. Mtaalamu huinamia darubini hadi shingo na mabega yakauma. Kila hatua, mwenzake hushuhudia majina, kwani kosa moja laweza kumpa mama kiinitete cha wengine. Hofu hiyo huenda naye nyumbani.

Pia kuna naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sufuri. Ikivuja katika chumba kilichofungwa hufukuza oksijeni, na mtu huzirai bila kunusa lolote. Kengele ya kupima oksijeni si anasa.

Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa kupindukia kazini si ugonjwa, bali hutokana na mkazo wa kazi usiodhibitiwa. Kwa hivyo mwajiri, usimwambie mtu ajikaze. Ongeza wa kumpokea zamu. Nawe unayetafuta matibabu, uliza kliniki ina wataalamu wangapi wikendi.