Mji Unapozingirwa: Mambo ya Kufanya Kabla Barabara ya Mwisho Haijakatwa

Januari 27, 2025, kundi la waasi la M23 lilitangaza kwamba limeiteka Goma, mji mkuu wa jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Aliyekuwa akifuatilia habari hizo kutoka Dar es Salaam au Nairobi angeweza kudhani kwamba mji ule ulianguka kwa usiku mmoja. Sivyo. Goma ilifungwa barabara baada ya barabara, kwa miezi mingi, na kila barabara iliyokatwa iliwapunguzia wakazi njia za kutokea, chakula sokoni na muda wa kuamua.

Hilo ndilo jambo kubwa la kushika: maamuzi yanayookoa familia hufanywa wakati barabara zinakatwa, si wakati mabomu yanaanguka uani. Makala haya yanaeleza jinsi mji unavyozingirwa, dalili za kuangalia, maandalizi ya nyumbani, na haki ambazo raia hapotezi hata mji ukiingia mikononi mwa wengine.

Mji huzingirwaje?

Jeshi linalotaka kuteka mji mkubwa mara chache huja kwa njia moja. Hushambulia kutoka pande kadhaa ili walinzi wa mji wagawanyike, na hukata njia zinazoleta chakula, mafuta na risasi.

Goma ina milango michache. Kusini ni Ziwa Kivu. Mashariki ni mpaka wa Rwanda na mji wa Gisenyi. Kaskazini, pembeni mwa mlima Nyiragongo, ipo barabara ya Rutshuru inayopita Kibumba. Magharibi ipo barabara ya Sake, mji mdogo ulio umbali wa kilomita kama 25, ambako njia hugawanyika: moja kwenda Masisi, nyingine kwenda Minova hadi Bukavu.

Rutshuru iliingia mikononi mwa M23 mwaka 2022. Mapema 2024 mapigano yalifika karibu na Sake na barabara ya Minova ikafungika. Januari 2025 mambo yakaenda mbio: Masisi ilitekwa mwanzoni mwa mwezi, Minova Januari 21, na Sake siku mbili baadaye, huku mapigano yakipamba moto pia upande wa Kibumba. Siku hizo hizo gavana wa kijeshi wa jimbo, Jenerali Peter Cirimwami, aliuawa karibu na mstari wa mbele. Kisha ikawa zamu ya Goma yenyewe. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kwamba jeshi la Rwanda liliisaidia M23. Rwanda imelikana hilo.

Machungu ya vita hiyo yalifika hata Tanzania, Malawi na Afrika Kusini, nchi ambazo askari wao wa kulinda amani waliuawa katika mapigano hayo.

Dalili za kuangalia

Dalili ya mvua ni mawingu. Ukiona mambo mawili au zaidi kati ya haya kwa pamoja, usingoje tangazo:

- Sokoni. Malori ya viazi, maharage na makaa yanapungua, na bei inapanda kila siku. Ina maana kwamba njia ya shambani imekatika au madereva wanaiogopa.
- Watu wanahamia njia ya hatari. Barabara ya Minova ilipofungika, abiria na mizigo vilihamia majini. Oktoba 3, 2024, boti ya MV Merdi iliyotoka Minova ikiwa imejaza kupita kiasi ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa. Vita iliwaua bila risasi kufyatuliwa.
- Wakimbizi wa ndani wanaondoka kambini. Waliokwisha kukimbia mara mbili au tatu wanaujua mwendo wa vita. Siku moja kabla ya Goma kutekwa, familia za kambi ya Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji, zilikuwa zimejitwika magodoro na sufuria zikielekea mjini.
- Mashirika yanahamisha wafanyakazi na ndege zinasitishwa.

Usitegemee kwamba vita ya leo itakuwa kama ya zamani. M23 waliwahi kuiteka Goma Novemba 20, 2012, bila mapigano makubwa mitaani, na wakatoka baada ya siku chache. Mwaka 2025 risasi na mabomu vilirindima katikati ya makazi kwa siku kadhaa, na wao hawakutoka.

Kuondoka au kubaki?

Hakuna jibu moja. Mwenye mgonjwa wa kubebwa hawezi kuamua kama kijana asiye na mzigo. Lakini kila kaya ijiulize mapema: tukitoka, tunapita wapi? Tunafikia kwa nani? Nani anabeba mtoto, nani anamshika bibi mkono? Njia hiyo ikifungwa, ya pili ni ipi?

Kubalianeni mahali pawili pa kukutana mkipotezana: pa kwanza karibu na nyumbani, pa pili nje ya mtaa. Mfundisheni mtoto majina kamili ya wazazi na jina la mtaa wake. Mtoto asiyeweza kujieleza ashonewe ndani ya nguo kitambaa chenye jina lake na namba ya simu ya ndugu aliye mbali na vita. Namba hiyo hiyo kila mmoja aikariri, maana simu huibwa na betri huisha.

Mfuko wa dharura uwe mwepesi kiasi cha kukimbia nao: vitambulisho na vyeti vilivyofungwa kwenye plastiki, dawa za kila siku za kutosha wiki kadhaa, nguo za mtoto, tochi, redio ndogo ya betri. Redio ni muhimu kwa sababu intaneti na umeme hukatika, na uvumi huingia mahali pake. Huko Kongo, Radio Okapi hutangaza pia kwa Kiswahili.

Ukivuka mpaka, fahamu kwamba mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa mwaka 1969 unamtambua kuwa mkimbizi hata mtu aliyekimbia vurugu zilizovunja amani ya nchi yake. Si lazima uthibitishe kwamba ulitafutwa wewe binafsi. Na mkimbizi harudishwi kwa nguvu kwenye hatari aliyoikimbia.

Maji kwanza, kisha chakula na fedha

Katika mji uliozingirwa, maji huua haraka kuliko njaa. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano ambako kuchimba kisima ni kazi ngumu, hivyo maji husukumwa kwa pampu kutoka ziwani. Umeme ulipokatika Januari 2025, pampu zilisimama. Watu wakashuka ziwani na bidoni (madumu) za njano, mgongoni au juu ya chukudu, yaani baiskeli za mbao za kusukuma, kuchota maji yasiyotibiwa. Mji huo una kumbukumbu mbaya: mwaka 1994 kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda huko huko.

Fanya hesabu ya nyumbani kwako. Mtu anahitaji karibu lita 3 kwa siku za kunywa na kupikia. Usafi ukiingia, si chini ya lita 15. Kaya ya watu sita, kwa kubana sana, inamaliza bidoni moja ya lita 20 kila siku. Jaza bidoni zote dalili zinapoanza, uzifunike.

Maji ya ziwani yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote. Kuni zikikosekana, tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Hiyo nayo ikikosekana, jaza maji maangavu kwenye chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, uzilaze juani saa 6, au siku mbili kukiwa na mawingu. Mtu akianza kuhara, mpe mara kwa mara mchanganyiko huu: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari visivyofurika, na nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Chakula kiwe kile kisichohitaji moto mrefu: unga, karanga, sukari, mafuta. Maharage makavu hula kuni nyingi, basi yaloweke tangu usiku.

Fedha taslimu ziwe za noti ndogo, zigawanywe kwa watu wazima wawili au watatu. Goma ilipotekwa, benki zilifungwa kwa miezi, na waliokuwa na akiba nzuri kwenye akaunti wakakosa ya kununulia unga.

Risasi zikifika mtaani

- Lala chini, mbali na dirisha na mlango. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, na risasi hupenya mbao kama si kitu. Ukuta wa mawe ya volkano uliozunguka kiwanja unakinga zaidi. Popote ulipo, tafuta kuta mbili kati yako na barabara.
- Usitoke kuangalia, wala usipige picha watu wenye silaha.
- Aliyejeruhiwa akitoka damu nyingi, bandika kitambaa safi kwenye jeraha na ukandamize kwa nguvu bila kuachia mpaka apate msaada. Usichomoe kitu kilichozama mwilini.
- Mapigano yakitulia, usiguse kombora, guruneti wala chuma usichokijua. Weka alama ukiwa mbali, waonye majirani, na uwazuie watoto kuokota.

Haki ambazo hazikatwi pamoja na barabara

Mikataba ya Geneva ya 1949 na Itifaki ya Pili ya 1977 inahusu hata vita vya ndani ya nchi, na inawabana waasi sawa na serikali. Raia asiyepigana hashambuliwi. Majeruhi hutibiwa, awe wa upande wowote. Hospitali na wahudumu wake hawaguswi. Kuwaajiri watoto wa chini ya miaka 15 vitani ni uhalifu wa kivita. Na ni marufuku kutumia njaa kama silaha.

Sheria hizo huvunjwa, na ni lazima kulisema hilo waziwazi. El Fasher, huko Darfur Kaskazini nchini Sudan, ilizingirwa tangu Mei 2024 na RSF, kikosi cha wanamgambo kinachopigana na jeshi la nchi hiyo. Juni mwaka huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2736, lilitaka mzingiro uondolewe. Haukuondolewa. Tuta la mchanga lilijengwa kuuzunguka mji, watu wakafikia kula mashudu ya karanga yanayolishwa mifugo, hadi mji ulipotekwa mwishoni mwa Oktoba 2025 na mauaji makubwa ya raia yakafuata.

Lakini kosa la kivita halifi kwa sababu ya kupita miaka. Viongozi wawili wa wanamgambo wa Kongo ni mfano: Thomas Lubanga alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2012, na Bosco Ntaganda akahukumiwa kifungo cha miaka 30 mwaka 2019, kwa makosa yaliyotendeka Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika kesi hizo walitoa ushahidi pia watu wa kawaida. Ukiweza bila kujihatarisha, tunza tarehe, mahali na ulichokiona.

Baada ya mji kutekwa

Hatari haziishi siku bunduki zinaponyamaza. Siku Goma ilipotekwa, gereza la Munzenze lilivunjwa. Wanawake wafungwa walibakwa na wengi wakafa katika moto uliozuka humo. Aliyebakwa ana haki ya matibabu, na muda ni mali: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianzwe ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Hata muda huo ukipita, aende hospitali. Hana kosa, wala asiulizwe alivaa nini au alikuwa wapi.

Aliyepotelewa na ndugu aende kwa Msalaba Mwekundu, au Hilali Nyekundu mahali ilipo. Wana huduma ya kuwatafuta na kuwaunganisha waliopotezana, inayofanya kazi hadi nje ya mipaka.

Nanyi ndugu mlio mbali, kazi yenu ni kubwa. Kuweni ile namba moja inayokaririwa: andikeni nani ameonekana wapi na lini. Msisambaze picha wala sauti msizojua zilikotoka, maana uvumi mmoja unaweza kuipeleka familia kwenye barabara iliyokwisha kufungwa. Na fedha mnayokusudia kutuma, itumeni dalili zinapoanza, wakati bado inaweza kununua maji, dawa na nauli.

Aliye katika mji wenye dalili hizi akae leo na watu wa nyumbani kwake, wakubaliane mambo matatu: tutakutana wapi, tutampigia nani, na dalili ipi tukiiona hatutangoja tena.