Kwa nini Mvemba a Nzinga Amenikasirikia?

SWALI: Katika mchezo wa kompyuta wa Civilization VI, Mvemba a Nzinga, mfalme wa Kongo, ananinunia, na sijawahi kumgusa. Nimemkosea nini?

JIBU: Huenda umeanzisha dini ukamnyima. Kompyuta huweka daftari la alama: kila tendo lako huongeza au kupunguza. Juu ya hayo, kila kiongozi ana ajenda yake ya kudumu, pamoja na nyingine ya siri inayobadilika kila mchezo. Mvemba hawezi kuanzisha dini, kwa hiyo ajenda yake ni hii: humpenda anayemletea na humchukia mwenye dini asiyemfikishia. (Mfalme wa kweli alikuwa Mkristo, kwa hiyo watunzi hawakubahatisha.) Peleka wamisionari katika miji yake. Ujumbe wa zawadi utume mara tu mnapokutana, kwa sababu akishanuna huukataa.