Kompyuta ya Nyumbani Ikianza Kugoma: Okoa Hesabu za Kikundi Kwanza

Somo la toleo hili si la mbuzi wala la matuta. Ni juu ya kompyuta. Tunajua wengine watasema hayo ni mambo ya watoto wa mjini, lakini tukizunguka huku Kitui na Makueni tunaona siku hizi nyumba nyingi zina kompyuta kuukuu iliyofunikwa kitambaa kwenye meza ya sebuleni. Ilinunuliwa mtumba mtoto alipoingia chuo, au mzee alipostaafu ualimu. Na mara nyingi ndimo katibu wa kikundi anamoweka hisa na mikopo yetu yote. Basi hiyo mashine ikianza kuganda, kuzima bila kuagizwa, au kuonyesha skrini ya buluu yenye maandishi ya kutisha, si shida ya familia moja tena.

Dawa ambayo kila mtu huitaja ni moja: "Ipeleke ikafomatiwe, iwekwe Windows upya." Ni dawa kweli, na katika somo hili tutaonyesha jinsi ya kuitumia. Lakini inafuta kila kitu kilichomo, na si kila ugonjwa inauponya.

TULIVYOKOSEA

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kuna kikundi cha akina mama upande wa Kibwezi, wanachama 23. Katibu wao alikuwa akiweka hesabu katika kompyuta ya mezani ya mume wake, mwalimu mstaafu. Mashine ikaanza kuzima yenyewe. Tulipowatembelea mama akatuuliza, "Sasa hii kitu niifanyeje?" Tukamjibu haraka haraka, maana gari lilikuwa linangoja: mpelekee fundi aweke mfumo upya. Hatukumwuliza hesabu ziko wapi.

Kijana wake akaibeba kwa bodaboda hadi sokoni. Fundi akamwuliza, "Kuna kitu cha maana humu?" Kijana akasema ni nyimbo na picha tu. Kwa upande wake alisema kweli. Jioni kompyuta ikarudi safi kama sufuria mpya, na hisa za miaka minne hazikuwamo.

Ikafuata kazi ya wiki tatu, kukaa chini ya mwembe na vitabu vidogo vya wanachama, risiti, na ujumbe wa M-Pesa kwenye simu, mtu mmoja baada ya mwingine. Wengi walipatana. Lakini wawili hawakupatana juu ya mkopo wa shilingi 3,400. Mmoja anasema alilipa, ila kitabu chake kililiwa na mchwa. Mpaka leo tunapoandika hawakai benchi moja. Na jambo la kuchekesha, kama si la kuliza: baada ya siku kumi kompyuta ikaanza kuzima tena vilevile. Ilipofunguliwa, feni ilikuwa imeziba kwa vumbi zito kama pamba. Mfumo haukuwa na ugonjwa wowote.

MFUMO NI NINI HASA?

Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoamka kwanza ukiwasha kompyuta, halafu inazigawia kazi programu nyingine zote. Windows ni mfumo mmoja, Linux ni mwingine. Fikirini mwenyekiti wa mwethya. Yeye hachimbi mtaro wote peke yake, lakini asipokuwepo, wenye majembe na wenye karai wanagongana. Kuweka mfumo upya ni kubadilisha mwenyekiti. Kama shida ilikuwa yeye, kazi itaendelea vizuri. Kama shida ni majembe yaliyovunjika, hata mkichagua wenyeviti kumi mtaro hautachimbika.

Kwa hiyo kabla ya kulipa pesa, angalieni majembe.

Kompyuta inayozima baada ya dakika kumi au ishirini, na kando yake pana joto la kuchoma mkono, kwa kawaida imejaa vumbi. Huku kwetu vumbi la Agosti na Septemba linaingia hata kabatini. Izimeni, mchomoe waya wa stima, mfungue kifuniko, mpulize vumbi kwa pampu ya baiskeli huku mmeshika feni kwa kidole isizunguke. Msitumie kitambaa chenye maji.

Kompyuta inayosahau tarehe, kila ikiwashwa inasema ni mwaka uliopita zamani, imeishiwa na betri ndogo ya duara iliyo ndani, inayoitwa CR2032. Betri hiyo ni ya volti 3 na mtu yeyote anaweza kuibadilisha. Tarehe isipokuwa sawa, tovuti nyingi za intaneti hukataa kufunguka, na watu hudhani ni virusi.

Mkisikia diski inagonga, tik, tik, tik, acheni kila kitu. Hiyo diski iko karibu kufa. Msijaribu kuweka mfumo juu yake. Toeni hesabu leo hii, si kesho, kisha mnunue diski nyingine. Na skrini ya buluu inayokuja na ujumbe tofauti kila mara hutokana mara nyingi na kumbukumbu ya kazi, kile kibao chembamba ambacho mafundi hukiita ramu. Wakati mwingine kukitoa, kupangusa meno yake kwa kitambaa kikavu na kukirudisha barabara kunatosha.

Halafu kuna stima yenyewe. Stima yetu inatakiwa kuwa volti 240, lakini wenye nyumba mwisho wa laini wanajua taa hufifia jioni watu wote wakiwasha. Kama kompyuta inagoma saa moja usiku tu, na asubuhi ni nzima, msiilaumu Windows.

FLASHI MOJA, KAZI TATU

Hapa ndipo tungeomba msome polepole, maana tungelijua hili mapema yale ya Kibwezi yasingetokea.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland, naye akaiachia watu wote waitumie na kuirekebisha. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa aina yake akaiita Ubuntu, neno la jamaa zetu wa kule ambalo sisi tunasema utu. Juu ya hiyo Ubuntu imejengwa nyingine rahisi zaidi, Linux Mint. Zote ni za bure na ni halali kunakili na kumpa jirani.

Uzuri wake ni kwamba Linux Mint inaweza kuwekwa kwenye flashi na kuwashwa kutoka hapo hapo bila kugusa kitu chochote kilicho kwenye diski. Unahitaji flashi tupu ya gigabaiti 8. Kuipakua ni karibu gigabaiti 3, kwa hiyo msimalize bando la kijijini. Mtumeni kijana anayesoma mjini, au walioko chuo kikuu kule Kwa Vonza, aipakue kutoka tovuti ya Linux Mint yenyewe, kisha aiandike kwenye flashi kwa programu ya bure iitwayo Rufus. Kunakili faili kama wimbo hakutoshi, kompyuta haitaitambua.

Chomekeni flashi, muwashe kompyuta huku mkibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP ni F9. Chagueni flashi, msubiri. Ni pole pole, mnywe chai.

Sasa flashi hiyo inafanya kazi tatu. Kwanza inapima ugonjwa. Itumieni kompyuta hivyo kwa nusu siku. Ikiganda au kuzima hata ikiwa inaendeshwa na flashi, basi ubovu uko kwenye mashine na kufomati ni kutupa pesa. Ikienda vizuri tu, mfumo wa zamani au diski ndiyo yenye kasoro. Pili inaokoa mali: hata Windows ikikataa kabisa kuwaka, mnaweza kufungua diski kupitia flashi na kunakili faili zenu. Tatu, mkiamua, ndiyo hiyo hiyo ya kuweka mfumo mpya.

Tulifanya hivyo na familia moja karibu na Mutomo. Windows yao haikufika hata kwenye picha ya mwanzo. Kwa flashi, hesabu za kikundi, vyeti vya watoto na picha za mazishi ya nyanya yao vyote vilionekana. Mama wa nyumba aliinuka akapiga vigelegele, na sisi pia hatukuficha furaha.

KUOKOA HESABU

Msiulize tu, "Kuna kitu cha maana?" Kila mtu wa nyumba hiyo aitwe, na katibu awepo, kila mmoja ataje chake. Tafuteni kwenye folda ya nyaraka, ya picha, ya vitu vilivyopakuliwa, na hasa pale juu ya skrini ya mwanzo. Watu wengi huweka faili hapo wakidhani hapo ni mahali salama pa peke yake, kumbe panafutwa pamoja na diski. Andikeni pia maneno ya siri ambayo kompyuta imekuwa ikiwakumbukia.

Nakilini mara mbili, mahali pawili tofauti: flashi nyingine moja (si ile yenye Linux), na diski ya nje au kompyuta ya parokia. Kisha mpeleke nakala kwenye kompyuta ya mtu mwingine, mzifungue hesabu, muangalie mstari wa mwisho. Faili inaweza kuonekana jina lake na ndani isifunguke. Na orodha ya hisa na mikopo ichapishwe kwenye karatasi, mwenyekiti na mweka hazina watie sahihi. Tunajua wino ni ghali. Wiki tatu chini ya mwembe ni ghali zaidi.

Jambo jingine: orodha zetu zina namba za vitambulisho na za simu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kuziweka azilinde. Kama lazima mwende kwa fundi, kaeni naye mpaka amalize. Msimwachie mashine usiku kucha.

WINDOWS AU LINUX?

Kama kompyuta ilikuja na Windows 10 halali, mkirudisha toleo lile lile inajitambua yenyewe kwenye intaneti. Za Windows 7 zilikuwa na kibandiko chenye herufi na tarakimu 25, mzinakili kabla hazijafutika. Lakini Microsoft iliacha kuilinda Windows 7 Januari 14, 2020, na Windows 10 Oktoba 14, 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda. Windows 11 nayo inadai ramu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64 na kifaa maalum cha usalama ambacho mashine nyingi za mtumba hazina.

Ile Windows ya kuvunjwa kufuli, inayouzwa kwa bei ya soda, sisi hatuishauri. Ni wizi, na mara nyingi inakuja na virusi ndani yake.

Linux Mint inaridhika na ramu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni afadhali, na diski ya gigabaiti 20 kwenda juu. Mashine za kale sana za biti 32 hazitaikubali. Inakuja na LibreOffice, ambayo hufungua faili za Word na Excel. Hakikisheni hesabu zenu zinajumlisha sawasawa humo, na mjaribu printa yenu wakati bado mnatumia flashi, kabla hamjafuta lolote. Kuna ugeni wa siku chache. Mwalimu wetu wa Kibwezi alinung'unika wiki moja, sasa anacheza karata humo.

SIKU YENYEWE

Chagueni asubuhi, wakati stima ni thabiti, na si wakati wa radi za Novemba. Laptopu ijazwe chaji kwanza. Mkianza kuweka mfumo mtaulizwa lugha, kibodi, na jina, hayo ni mepesi. Swali moja tu ndilo la kusimama: linapokuja lile linalosema diski yote itafutwa. Hapo mtoe mikono kwenye kibodi, katibu aulizwe kwa sauti kama nakala mbili ziko na zimefunguliwa. Akisema ndiyo, endeleeni. Kwa kawaida haizidi saa moja. Stima ikikatika katikati, msiogope. Mtaanza upya, kwa kuwa mali yenu haimo tena humo.

Ikiisha, rudisheni faili, na nakala zile msizifute. Kuanzia hapo, kila siku ya mkutano katibu anakili hesabu kwenye flashi ya kikundi, nayo ilale kwa mweka hazina, si nyumba moja na kompyuta.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

Hesabu zetu ziko wapi leo, na nani mwingine isipokuwa katibu anaweza kuzifungua? Ile kompyuta ikiibiwa usiku huu, tutajuaje kila mmoja ana hisa ngapi? Wale wawili wa shilingi 3,400, kikundi kingewasaidiaje?

Flashi yenye Linux Mint iko hapa ofisini. Kikundi kinaweza kuiazima kwa siku tatu, katibu aandike jina daftarini. Ile ya kwanza bado haijarudi, na aliye nayo anajijua.