Nguvu ya dawa ya mti haionekani kwa macho



Kaya nyingi hutumia mwarobaini kuzuia kupe na wadudu wengine. Huenda umeona mbegu za mti mmoja zinafanya kazi vizuri, za mti mwingine hazifanyi, na miti yote miwili ina afya. Somo hili la wafugaji wa Tingi linaeleza sababu moja, na nini ufanye.

Fangasi wanaoishi ndani ya mti

Fangasi ni jamii moja na ukungu na uyoga. Unawajua wale wanaoharibu pumba na mahindi ghalani. Wapo wengine wanaoishi ndani ya majani, magome na mbegu bila kuudhuru mmea. Huwezi kuwaona, maana jani hubaki kijani. Mmea huwapa makazi na chakula. Baadhi yao hutengeneza kemikali zinazofukuza wadudu, na wengine huufanya mmea uongeze kemikali zake wenyewe.

Kemikali kuu ya mwarobaini inayozuia wadudu ni azadirakitini, na kwa wingi imo kwenye kiini cha mbegu. Mwaka 2012 watafiti walieleza kuwa fangasi aliyetolewa ndani ya mwarobaini wa India aliweza kuitengeneza akiwa peke yake maabara. Kwa hiyo nguvu ya dawa huweza kutegemea mti, udongo, mvua, ukomavu wa mbegu, na hata fangasi waliomo.

Fangasi hao huweza pia kuleta sumu

Upo mmea wa jamii ya kiazi kitamu uitwao Ipomoea carnea. Ni kichaka chenye maua ya waridi yenye umbo la tarumbeta. Kwa jirani zetu Msumbiji uliwahi kudhuru mbuzi: walikonda, wakatetemeka na kuyumba. Sumu hiyo hutengenezwa na fangasi aliye ndani ya mmea. Watafiti walipoua fangasi kwenye mbegu, miche iliyoota haikuwa na sumu hiyo. Ukiona kichaka cha namna hii malishoni, usiwaache mbuzi wakakizoea.

Fanya hivi

- Okota mbegu za mwarobaini zilizoiva, zisizoota ukungu kwa nje.
- Kausha kivulini. Jua kali hupunguza nguvu ya dawa.
- Tumia dawa siku ileile uliyoitengeneza.
- Ipake kwanza sehemu ndogo ya ngozi ya mnyama mmoja, usubiri hadi kesho yake.
- Baada ya siku tatu kagua masikio, kiwele na chini ya mkia. Kupe wakiwepo, peleka mifugo josho.
- Usimnyweshe mnyama, hasa mwenye mimba. Kipimo cha jana si kipimo cha leo.
- Usibandue magome kuzunguka shina lote, mti utakufa.

Usisubiri

Mwarobaini hautibu ndigana kali wala nagana inayoletwa na mbung'o. Ukiona homa, tezi zilizovimba, kuhema kwa shida au kukonda huku mnyama anakula, muite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo. Mwambie pia dawa ya mti uliyotumia, ya mti upi na lini. Hatakulaumu, itamsaidia kuchagua tiba.